Kwa nini tunashikilia hisa zinazoshuka na kuamini neno la rafiki?

Swali: Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi. Kwa nini mtu mwenye elimu nzuri hung'ang'ania hisa zinazoshuka, akauza upesi zilizopanda, na bado akaamini neno la rafiki kuliko hesabu za kampuni?

Jibu la kwanza: Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba uchungu wa kupoteza huzidi furaha ya kupata kiasi kilekile. Kuuza kwa hasara ni kukubali kwamba uamuzi ulikosewa, kwa hiyo mtu huahirisha. Mwaka 1998 mtafiti wa masuala ya fedha Terrance Odean, aliyechunguza akaunti 10,000 za wateja wa wakala mmoja wa hisa wa Marekani, alionyesha kwamba hisa za faida walizoziuza ziliendelea, kwa wastani, kufanya vizuri kuliko zile za hasara walizozishikilia.

Jibu la pili: Kuhusu marafiki, hatari kubwa ni kwamba uaminifu wa mtu huchukuliwa kuwa uthibitisho wa biashara yenyewe. Bernard Madoff, tapeli wa uwekezaji wa Marekani aliyekamatwa mwaka 2008, aliwapata wateja wengi kupitia klabu na jumuiya za Wayahudi wenzake, na kila aliyemleta jamaa yake aliamini kwamba mwingine amekwisha kuchunguza.

Jibu la tatu: Nakubaliana, ila tusiulaumu urafiki peke yake. Utafiti wa wanauchumi Hong, Kubik na Stein wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba familia zinazochangamana na majirani au kuhudhuria kanisani zina uwezekano mkubwa zaidi wa kuingia katika soko la hisa. Rafiki na atufungulie mlango. Vitabu vya hesabu za kampuni tuvisome wenyewe.