Tupeane uzoefu: Shule binafsi na masomo ya nyumbani wakati wa karantini

Kalamu Nyeusi
Wadau, shule zilipofungwa Machi 2020 karibu dunia nzima kwa sababu ya korona, UNESCO ilihesabu zaidi ya wanafunzi bilioni 1.5 waliobaki nyumbani. Shule binafsi zilikuwa na tatizo lao la pekee: ada ndiyo mshahara, na mzazi asiyeona mtoto akifundishwa halipi. Nyingi zikakimbilia chochote kinachofanana na darasa, mtoto aambulie asiambulie. Tukusanye hapa yanayofaa na yasiyofaa, ili shule ikifungwa tena, iwe kwa ugonjwa au mafuriko, watu wasianze sifuri. Matangazo ya "shule yetu ni bora" tuyaache. Leteni vipimo, hatua, na yale yanayoharibika.

Taaluma Kwanza
Kabla ya kununua programu yoyote, tuma dodoso la maswali matano, lirudi ndani ya siku mbili. Nyumbani kuna simu janja ngapi? Nani huondoka nazo asubuhi na hurudi saa ngapi? Watoto wangapi wanaitegemea simu moja? Bando hununuliwa la siku, la wiki au la mwezi? Kuna mtu mzima wa kukaa na mtoto, na saa ngapi? Asiyejibu apigiwe simu, maana asiyejibu fomu ya mtandaoni mara nyingi ndiye asiye na mtandao. Ukimwacha, takwimu zako zitakuambia kila mtu yuko sawa.

Shule zinazoruka hatua hii hunakili ratiba ya darasani, saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, kisha zinashangaa darasa la watoto 35 limeingia watoto 11. Wale 24 si wavivu. Simu iko kazini na baba yao.

Majibu yakirudi, nyumba zitajigawa makundi matatu: zenye mtandao wa kudumu, zenye simu moja inayopatikana jioni, na zisizo na kitu. Andaa somo kwa ajili ya kundi la kati. La kwanza lipate somo hilo hilo pamoja na kikao cha maswali, la tatu lipate somo hilo hilo kwenye karatasi. Ukiandaa masomo matatu tofauti, mwalimu atachoka kabla ya wiki ya tatu na kundi la karatasi ndilo litakaloachwa.

Mtaala nao upunguzwe bila aibu. Kila mwalimu aweke alama kwenye mada zake: ambayo mada inayofuata inaitegemea, inayoweza kusubiri, na inayoweza kurukwa. Kati ya vipindi 40 vya wiki ya kawaida, 15 hadi 20 vinatosha: hisabati na lugha vipindi vinne kila moja, mengine kimoja kimoja au viwili. Mtoto aliyemaliza mada sita akizielewa ni rahisi kumpokea shule ikifunguliwa kuliko aliyepitishwa kumi na mbili.

Fundi Mitambo
Naongezea hesabu, kwa sababu ndiyo inayoua mipango mingi. Kikao cha video cha kundi, kwa Zoom au programu za aina yake, hula kuanzia nusu gigabaiti hadi zaidi ya gigabaiti moja kwa saa kulingana na ubora wa picha. Vipindi vitano vya dakika 40 kwa siku, siku tano, ni karibu saa 17 kwa wiki. Kwa kiwango cha chini kabisa hiyo ni zaidi ya gigabaiti 8 kwa mtoto mmoja kila wiki. Mwenye watoto watatu ajihesabie mwenyewe.

Sasa njia nyingine. Kurasa mbili za maelezo zilizoskaniwa kwa nukta 150 kwa inchi, rangi ya kijivu, hazifiki megabaiti moja. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp wa dakika tatu pia hauifikii. Kurasa mbili na sauti tatu ni kipindi kamili, megabaiti 2 au 3. Vipindi 25 vya wiki havizidi megabaiti 80. Tofauti ni zaidi ya mara mia moja, na mtoto anaweza kurudia sauti hiyo mara tano bila bando kuguswa tena.

Yanayoharibika hapa ni haya. Mwalimu akipiga picha ya ukurasa na kuituma kama picha ya kawaida, WhatsApp huibana na namba ndogo zinafutika. Kipeo kinageuka doa, na mtoto anaandika jibu la swali lisilokuwepo. Tumia programu ya kuskani ya simu, badili iwe nyeusi na nyeupe, unganisha kurasa ziwe PDF moja, itume kama hati. Jina la faili liwe na mpangilio mmoja shule nzima: darasa, somo, wiki, namba. Faili iitwayo "zoezi jipya 2 final" haipatikani tena baada ya siku tatu.

Video fupi zina kazi yake, hasa kwa jambo la kuonyesha kwa mkono, kama kuchora pembe kwa bikari. Kwa WhatsApp ya wakati ule kikomo cha video kilikuwa megabaiti 16, kwa hiyo dakika tano kwa ubora wa 480p (picha ya wastani), biti elfu 400 kwa sekunde, ni megabaiti 15. Zaidi ya hapo, igawe.

Ubao si lazima. Simu iegeshwe juu ya rundo la vitabu, kamera ikitazama karatasi mezani, mwalimu aandike kwa kalamu nene nyeusi. Taa mbili, moja kila upande, la sivyo kivuli cha mkono kinafunika maandishi. Gusa na ushikilie kioo hadi fokasi ijifunge, maana bila hivyo kamera itahangaika kila mkono unaposogea na maandishi yatakuwa yanafifia na kurudi.

Mzazi wa Wanne
Asanteni. Swali: watoto wawili, simu moja, madarasa tofauti, vikao saa ile ile. Shule inatakiwa kufanya nini, au ni shauri la mzazi?

Taaluma Kwanza
Dada, hilo ni la shule. Ratiba ipangwe kwa familia, si kwa darasa. Orodhesha ndugu walioko shuleni, kisha madarasa yenye ndugu wengi pamoja yapewe siku tofauti za kikao cha moja kwa moja: madarasa ya juu Jumatatu na Jumatano, ya chini Jumanne na Alhamisi. Ijumaa hakuna kikao, ni ya kusahihisha na kuwapigia waliopotea. Kila somo kubwa kikao kimoja kwa wiki, dakika 30, na kiwe cha maswali tu. Kufundisha kwenyewe kulishafanyika kwa karatasi na sauti, kwa hiyo aliyekosa kikao hajakosa somo. Hapo ndipo simu moja inapotosha.

Kengele ya Saa Nne
Hayo ni mazuri kwenye karatasi, lakini tuseme ukweli: mzazi anayelipa ada kubwa anataka kumwona mwalimu usoni. Shule jirani ikionyesha vikao sita kwa siku na wewe una kimoja, unapoteza wanafunzi. Vikao vina kazi ya pili ambayo walimu hawapendi kuisema, kumtuliza mzazi.

Taaluma Kwanza
Sikatai, mkuu. Mpe mzazi cha kuona, lakini kiwe na maana. Kila Ijumaa apokee ujumbe mfupi wenye mambo matatu: mtoto amerudisha kazi ngapi kati ya ngapi, wapi amekwama, na mwalimu atafanya nini wiki ijayo. Huo hauli bando. Na vikao sita kwa siku huonekana vizuri wiki mbili za kwanza tu. Baada ya hapo mzazi huyo huyo anauliza kwa nini mtoto analala mbele ya kioo.

Mwalimu wa Awali
Kwa watoto wa miaka minne hadi saba sahauni kikao cha darasa zima. Watoto 25 wakiingia pamoja, dakika kumi zinaishia kwenye salamu na "zima kipaza sauti." Wagawe watano watano au sita sita, dakika 15, mara mbili kwa wiki, kila mtoto aitwe jina na asome au ahesabu kitu. Mengine yaende kwa mzazi: maelekezo ya sentensi nne, kazi ya mikono kwa vitu vilivyomo ndani ya nyumba, vizibo vya chupa vya kuhesabu, maharage ya kupanga. Msimtumie mzazi kurasa kumi za kurudufu. Wengi hawana mashine, na mtoto wa umri huo hajifunzi kwa kujaza visanduku.

Kosa kubwa zaidi ni kumwomba mzazi arekodi video ya mtoto kila siku. Siku ya nne mzazi anamkaripia mtoto ili video ipendeze. Sauti moja kwa wiki ya mtoto akisoma inatosha kupima maendeleo.

Kalamu Nyeusi
Nani azungumzie kusahihisha? Hapo ndipo walimu wengi walipozama.

Kiongozi wa Idara
Hesabu yake: watoto 40, mazoezi matano kwa wiki, kila zoezi picha mbili. Picha 400 zinaingia kwenye simu binafsi ya mwalimu kila wiki kwa somo moja tu. Kumbukumbu inajaa, picha zinachanganyika na za familia, na mtoto mmoja anasahihishwa mara mbili huku mwingine hajaonekana kabisa.

Dawa ni kupunguza kinachoingia. Mazoezi ya kila siku mtoto ajisahihishe kwa majibu yanayotumwa kesho yake asubuhi. Kwa mwalimu irudi kazi moja kwa wiki kwa kila somo, ukurasa mmoja, jina, darasa na namba ya kazi vikiwa vimeandikwa juu kushoto kabla ya kupiga picha. Kundi la WhatsApp la masomo liruhusu wasimamizi pekee kuandika, na kazi zirudi kwa namba ya idara au kwenye Google Classroom ambako kila kazi hukaa chini ya jina la mwenyewe. Maoni yawe sauti ya sekunde 30. Ni haraka kuliko kuandika kwa wino mwekundu juu ya picha.

Mahudhurio yasihesabiwe kwa kuingia kwenye kikao. Mtoto anaweza kuingia na kuondoka kucheza. Mwisho wa kipindi weka swali moja dogo ambalo aliyefuata somo hulijibu kwa mstari mmoja. Aliyejibu kabla ya saa tatu usiku amehudhuria. Kazi iliyofanywa na mzazi badala ya mtoto nayo hujulikana kirahisi: mwandiko umenyooka ghafla, njia ya hesabu si ile iliyofundishwa. Usimgombeze. Mpigie mtoto simu dakika tatu, mwambie akueleze hatua ya pili aliipataje.

Mhasibu Mtulivu
Nije kwenye ada, maana ndiko ugomvi ulikokuwa. Kosa la kwanza la wamiliki ni kutangaza punguzo la nusu kabla ya kupiga hesabu, ili kuzima kelele za wazazi. Mwezi wa pili mishahara haitoki, walimu wazuri wanaondoka, na sasa huna cha kuuza. Kosa la pili ni kinyume chake, kudai ada yote pamoja na chakula ambacho hakuna aliyekila.

Chambua ada iwe vipande. Mfano, ada ikiwa sehemu 100: mishahara 50, majengo na mkopo 15, chakula 15, usafiri 12, mengineyo 8. Mabweni yawe na kipande chao. Shule ikifungwa, mafuta ya gari yanasimama lakini dereva, bima na mkopo wa gari havisimami, kwa hiyo kwenye usafiri unaokoa kama nusu, 6. Chakula unaokoa karibu chote isipokuwa wapishi, tuseme 12. Unaongeza gharama mpya: bando la walimu, leseni za programu, kurudufu, labda 4. Unachoweza kurudisha kwa haki ni 14. Mtumie mzazi jedwali hilo ndani ya wiki ya kwanza, si baada ya wazazi kuunda umoja wa malalamiko. Mzazi akiona vipande anajadili vipande. Akiona jumla tu, anajadili nia yako.

Malipo yawe ya mwezi badala ya muhula. Aliyepoteza kazi apewe fomu ya siri ya nafuu zaidi, iamuliwe na watu wawili kwa vigezo vilivyoandikwa. Ziada iliyokwishalipwa ukiihamishia muhula ujao yote kwa mkupuo, utafungua shule bila fedha. Igawe mihula miwili. Na usimtoe mtoto kwenye kundi la masomo kwa sababu ya deni. Ukiacha ubinadamu kando, mzazi ambaye mtoto wake ameshatolewa hana tena sababu ya kulipa.

Bando la mwalimu linunuliwe na shule kabla ya Jumatatu. Mpango wa "nunua, utarejeshewa" humfanya mwalimu abane matumizi, na anayebanwa ni mtoto.

Kiongozi wa Idara
Kwa madarasa ya mitihani, hifadhini ushahidi wa kazi wenye tarehe. Mwaka 2020 mitihani ya Mei ya IB, ule mtaala wa kimataifa wa International Baccalaureate, ilifutwa, na mingi ya Uingereza pia, alama zikatolewa bila mtihani kufanyika. Kule England kanuni ya kompyuta ilishusha karibu asilimia 39 ya alama za A level, mtihani wa mwisho wa sekondari, chini ya zile zilizopendekezwa na walimu. Matokeo yalitoka Agosti 13, na Agosti 17 serikali ikaiacha kanuni hiyo na kurudi kwenye alama za walimu. Kanuni hiyo ilikuwa na upole kwa vikundi vidogo vya watahiniwa, ambavyo shule binafsi zinavyo kwa wingi, na lawama zilikuwa nyingi. Sasa jiulize: ukidaiwa uthibitishe alama ya mwanafunzi, una nini? Kwa kila somo weka angalau kazi sita, zilizofanyika kwa muda uliopimwa, mwanafunzi akionekana kwenye kamera, zikiwa na tarehe na alama, na mwalimu wa pili amepitia tatu kati ya hizo.

Fundi Mitambo
Usalama kwa kifupi. Kila kikao kiwe na nywila na chumba cha kusubiria. Zoom yenyewe ilivifanya kuwa mpangilio wa kawaida Aprili 2020 baada ya wavamizi kuingia kwenye vikao. Kiungo kisibandikwe kwenye ukurasa wa wazi wa shule. Jina la kuingilia liwe jina halisi la mtoto, vinginevyo "Samsung A10" kumi watasubiri mlangoni na hujui nani ni nani. Mwalimu awe wa mwisho kutoka na akifunge kikao kwa wote. Hakuna kikao cha mwalimu na mtoto mmoja bila mzazi au mwalimu wa pili. Kurekodi ni kwa ridhaa ya wazazi iliyoandikwa.

Mzazi wa Wanne
Na yale mabunda ya karatasi kwa wasio na simu, yanaandaliwaje? Majibu yanawekwa ndani?

Taaluma Kwanza
Bunda moja ni la wiki mbili, siku kumi za masomo, kwa kila siku karatasi mbili zilizochapwa pande zote. Kila karatasi iwe na namba ya siku juu kulia kwa herufi kubwa, kwa sababu pini hung'oka na karatasi zikishachanganyika mzazi hawezi kuzipanga. Juu kabisa weka ukurasa wa mzazi: mtoto afanye nini, kwa muda gani, na namba ya mwalimu na saa za kupokea simu. Uchukuaji upangwe kwa darasa, nusu saa kila moja, langoni. Anayechukua bunda jipya anarudisha la zamani, na hapo ndipo utajua nani amepotea.

Majibu yasiwe ndani ya bunda hilo. Yanakuja na bunda linalofuata, kila swali likiwa na hatua zake, na karatasi ya kwanza ya bunda jipya inamtaka mtoto arudie maswali matatu aliyokosa.