Ushauri: tairi na vyuma vya juu kwa X-Trail NT31, mizunguko ya Mwanza, Sengerema na Ukerewe

PampuBuhongwa

Wakuu, habari za wakati huu. Gari imetoka bandarini wiki hii: Nissan X-Trail NT31 ya 2009, lita 2, 4WD, rimu za inchi 17 na tairi 225/60R17. Juu ina reli mbili zilizoinuka, mkono unapita chini yake, ila haina vyuma vya kukatiza.

Kazi yake ni kufunga pampu za visima na za umwagiliaji. Siku nyingi ni mjini, lami pamoja na njia za mawe za Bugarika na Igogo. Mara mbili kwa wiki ni Sengerema kupitia daraja la Kigongo–Busisi, halafu vumbi hadi vijijini. Mara moja kwa mwezi ni Ukerewe kwa njia ya Bunda na kivuko cha Kisorya. Mzigo wa juu ni mabomba ya mita 6 ya plastiki na ya chuma, ngazi, na paneli za sola mara chache.

Tairi ilizokuja nazo bado zina kashata nene. Niendelee nazo? Kama ni kubadili, nichukue A/T (tairi za lami na vumbi) na nipandishe saizi? Na juu, nichomelee keria gereji au ninunue vyuma viwili vya dukani? Naomba kuwasilisha.

KashataHai

Mkuu, kabla ya yote chuchumaa usome ubavu wa hizo tairi. Ukikuta neno STUDLESS, au majina kama Blizzak, Ice Guard au Winter Maxx, hizo ni tairi za theluji. Magari mengi ya Japani yanakuja nazo. Hata bila maandishi utazijua: kila kashata imechanjwa mistari myembamba ya kujikunja, kama mtu aliyepitisha wembe mara nyingi mahali pamoja, na ukibonyeza kwa kucha mpira unaingia.

Mpira ule umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi ya chini ya sifuri. Kwenye lami ya Mwanza ya saa nane mchana unakuwa laini kupita kiasi. Kashata zinayumba chini ya gari, usukani unakuwa mzito kujibu, breki zinahitaji umbali mrefu zaidi, na tairi inalika upesi sana. Kwa hiyo unene wa kashata usikudanganye.

Tafuta pia herufi DOT na tarakimu nne za mwisho. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Usinunue tairi "mpya" iliyokaa dukani zaidi ya miaka miwili au mitatu, na ya mtumba iliyopita miaka sita iache hata kama inang'aa. Ule mng'ao mara nyingi ni dawa iliyopakwa. Fungua mifereji kwa kidole utafute nyufa ndogo chini kabisa, hapo ndipo uzee unapoanzia.

RimuNaBearing

Kwenye saizi hapa pana jambo kubwa kuliko jina la tairi.

225/60R17 maana yake ubavu ni milimita 135 tu. Kwa njia za mawe za vilimani, ubavu mfupi ndio unaopasua tairi: jiwe la ncha linabana mpira dhidi ya ukingo wa rimu, nyuzi za ndani zinakatika, na baada ya siku mbili unaona nundu pembeni. Nundu haizibwi. Tairi hiyo imekwisha.

X-Trail hii ilitoka kiwandani pia na rimu za inchi 16, kwa hiyo breki zinaingia bila shida. Maoni yangu: tafuta rimu za 16 na uvae 215/70R16. Piga hesabu mwenyewe:

215 × 0.70 × 2 = 301. Ongeza 16 × 25.4 = 406.4. Jumla ni kipenyo cha milimita 707.
Yako ya sasa: 225 × 0.60 × 2 = 270. Ongeza 17 × 25.4 = 431.8. Jumla ni 702.

Tofauti haifiki asilimia 1, spidomita haidanganyi, na ubavu umepanda kutoka 135 hadi 150. Milimita 15 hizo za mpira ndizo zitakazobeba mawe ya Igogo badala ya rimu. Namba ya mzigo ya saizi hii kwa kawaida ni 100, yaani kilo 800 kwa kila tairi, na inakutosha. Achana na zile za malori madogo zenye tabaka 10: ni nzito, zinarukaruka gari ikiwa tupu, na CVT, yaani gia otomatiki ya mkanda, ndiyo inayobeba uzito huo kila unapoondoka.

Sasa angalizo kwenye rimu. Nati tano kwenye duara la milimita 114.3 ziko kwenye Nissan na kwenye RAV4, na watu wanauziana hivyohivyo. Lakini tundu la katikati la Nissan ni 66.1 na la Toyota ni 60.1. Rimu ya RAV4 haiingii kwenye habu yako (kitovu ambacho rimu inafungwa), itasimama nje huku nati zikionekana kukaza. Ya Mitsubishi au Mazda ya 67.1 inaingia ila inabaki na nafasi ya milimita 1, kwa hiyo weka pete ya kujazia, la sivyo usukani utatetemeka hata balansi ikiwa safi. Ofuseti, yaani rimu inakaa ndani au nje kiasi gani, huandikwa nyuma ya rimu. Linganisha na ya zamani, isipishane zaidi ya milimita 5.

Mkondo_wa_Magu

Napingana kidogo na mkuu hapo juu. Rimu za mtumba zilizonyooka kweli si rahisi kuzipata nne za aina moja. Abaki na 17 avae 225/65R17. Saizi hiyo inavaliwa na RAV4 na CR-V nyingi, kwa hiyo iko kila duka kuanzia Nyakato hadi Sengerema. Ubavu unakuwa 146, na gari inapanda kama sentimita 1.

RimuNaBearing

Inawezekana, mkuu, ila kipenyo kinakuwa 724. Hiyo ni zaidi ya asilimia 3: spidomita ikisoma 100 wewe uko 103. Akienda njia hiyo asinunue nne kabla ya kujaribu moja. Aifunge mbele, azungushe usukani hadi mwisho kila upande, watu wawili wakalie boneti, atazame nyuma ya gurudumu kwenye plastiki ya madigadi. Kama kidole hakipiti, itakwaruza akiwa na mzigo. Na rimu za 16 tuzikague hivi: zifungwe kwenye mashine ya balansi zizungushwe tupu, bila tairi. Iliyopinda inaonekana kwa macho palepale.

KashataHai

Kuhusu A/T: ndiyo, lakini ya wastani, yenye mistari ya katikati iliyokaribiana. Safari zake nyingi bado ni lami. A/T kali yenye kashata kubwa zilizoachana itapiga kelele kutoka Buhongwa hadi Bunda, na kwenye lami yenye maji inashika kidogo kuliko H/T (tairi ya lami) nzuri. Anachokitafuta kwenye A/T ni ubavu mnene na mpira usiokatwa na changarawe.

Asiitarajie ifanye kazi kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi. Masika ukilowa unajaza mifereji ya A/T ndani ya mizunguko michache, na tairi inabaki kama kipara. Hapo dawa ni kusubiri jua au kuzunguka. Kwenye luseni, mchanga wa kando ya ziwa, mambo ni tofauti: shusha upepo kutoka psi 33 hadi 22 au 24, endesha polepole bila kukata kona ghafla, ukitoka jaza upya kabla ya kukimbia. Pampu ndogo ya umeme wa gari isikose kwenye buti.

Na kwa 4WD hii nunua nne kwa pamoja, aina moja. Mfumo wake unasoma mzunguko wa kila gurudumu. Mbele zikiwa mpya na nyuma zimelika, kuplingi ya nyuma, inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, inafanya kazi muda wote hata kwenye lami na inachemka. Zungusha mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Usiache swichi ya 4WD kwenye LOCK ukiwa lami kavu.

VyumaVyaJuu

Nije juu ya gari. Reli zilizoinuka ni bahati, maana hapo miguu ya vyuma inakumbatia reli pande zote. Zisingekuwepo ungehitaji miguu ya kung'ata fremu ya mlango iliyotengenezwa kwa modeli hiyohiyo.

Keria ya kuchomelea ina tatizo la uzito. Bomba la mraba la chuma, likitimia urefu wa paa, linafika kilo 25 au 30 bila shida. Kikomo cha paa kimeandikwa kwenye kitabu cha gari. SUV ndogo nyingi ziko kati ya kilo 75 na 100, na ndani ya namba hiyo vyuma na keria vinahesabiwa. Tuchukue 75: ukitoa keria ya 30 unabaki na 45. Vyuma viwili vya aluminiamu pamoja na miguu yake vina kilo 5 au 6 tu, unabaki na karibu 70. Kwa mabomba na ngazi huhitaji kikapu, unahitaji sehemu mbili imara za kulalia.

Kupima: chukua futi kamba, pima kutoka ukingo wa nje wa reli moja hadi wa nje wa nyingine, mbele na nyuma, kwa sababu reli haziko sambamba kabisa. Ndiyo maana chuma cha mbele na cha nyuma hukazwa kila kimoja kwa kipimo chake. Acha sentimita 70 au zaidi kati yao. Futa reli kwa kitambaa chenye maji kabla ya kufunga, maana punje moja ya mchanga chini ya mpira wa mguu inasaga rangi hadi chuma na kutu inaanza. Ukimaliza, shika chuma kwa mikono miwili utikise: gari zima litikisike, mguu usisogee.

PampuBuhongwa

Asanteni sana wakuu. Mabomba ya chuma ni ya inchi 1¼, na kisima kimoja kinaweza kuchukua sita. Hapo inakuwaje?

VyumaVyaJuu

Haiwezekani kwa safari moja juu ya paa. Bomba la inchi 1¼ la unene wa kati lina kilo 3.1 hivi kwa mita, mita 6 ni karibu 19. Matatu ni 57, manne ni 76 na tayari umepita kikomo hata kabla ya vyuma. Kwa hiyo ni matatu tu, au ukodi kirikuu. Njia nzuri zaidi: duka likukatie mita 3 na kuchonga hesi (nyuzi za kukazia), uunganishe kwa soketi kisimani. Ya mita 3 hayachomozi mbele wala nyuma, na mengine unaweza kuyalaza ndani, viti vikiwa vimekunjwa, kadiri nafasi inavyoruhusu.

Ya plastiki ni mepesi lakini yanapinda. Gari ina urefu wa mita 4.6 hivi, kwa hiyo bomba la mita 6 linazidi kwa mita 1.4. Lisichomoze sana mbele, upepo unalichukua na kulipiga boneti. Yafunge yote kuwa mtumba mmoja pamoja na ubao wa 2×3 katikati, yawe kitu kimoja kigumu.

Kufunga: acha mipira ya kukata kwenye tyubu. Mpira unanyooka, na bomba laini linateleza mbele siku ya breki ya ghafla. Tumia mikanda ya kukaza yenye meno, mmoja kila chuma. Mkanda uzungushe mtumba mara mbili kabla ya kukaza, ili ubane mabomba na usiyapitie juu tu. Upindue mkanda mara moja sehemu iliyo wazi, hautapiga filimbi. Kamba mbili, moja ndoano ya kuvutia ya mbele, moja ya nyuma. Kitambaa chekundu mwishoni, na usiku taa.

Paneli za sola zisilale wazi juu ya vyuma viwili. Zinacheza katikati na kupata nyufa usizoziona. Weka ubao wa plaiwudi chini yake, au zisafirishwe zimesimama kwenye gari nyingine.

Mkondo_wa_Magu

Kuongezea, darajani upepo wa ziwa unakuja ubavuni bila kizuizi. Ukiwa na mzigo juu, 60 inatosha hapo, na kwingine usipite 80.

PampuBuhongwa

Nimechungulia ubavu: STUDLESS kweli, na DOT ni 4116. Nitaanza na rimu za 16. Nati hizi za sasa zitafaa?

RimuNaBearing

Za Nissan zina hesi ya 12×1.25, za Toyota ni 12×1.5. Fundi akichanganya, nati inaingia mizunguko miwili halafu inakuwa ngumu. Akilazimisha kwa mashine ya upepo, hesi za stadi (bolti za habu) zinaliwa. Kila nati ianze kwa vidole angalau mizunguko mitano. Angalia pia kichwa chake: rimu ya aloi inataka nati ya koni, siyo bapa, isipokuwa rimu yenyewe imechongwa hivyo. Kaza kwa umbo la nyota, Nm 110 hivi, kwa spana ya kipimo. Kisha alaimenti. Spea ya 17 unaweza kuibeba, kipenyo kinakaribiana. Kama ni ile nyembamba, geuza swichi iwe 2WD na usipite 80.

Safari ya kwanza ya Sengerema simama Usagara. Kaza tena nati zote 20, miguu minne ya vyuma na mikanda, maana kila kitu kipya hukaa chini kidogo baada ya kilomita za kwanza.