Tupeane uzoefu: VVU inapogusa ubongo, si kinga ya mwili peke yake

Mtoa mada, Temeke

Ndugu wanajamvi, naomba tupeane uzoefu juu ya jambo ambalo familia yetu ilichelewa kulielewa. Kaka yangu anauza vitenge Kariakoo, na kwa miaka mingi alikuwa akipiga hesabu za doti kichwani huku mteja akiwa bado anachagua rangi. Siku moja mwaka 2017 nilimkuta anaandika hesabu ya doti tatu kwenye ubavu wa boksi, anafuta, anaandika tena, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, hapa inakuja ngapi?" Baadaye miguu ikawa mizito, vitu vikawa vinamdondoka, na yeye aliyekuwa mcheshi akawa haongei. Shangazi alishikilia kwamba amerogwa kwa sababu ya biashara, tukapoteza miezi minne kwa waganga. Alipopimwa alikutwa na VVU, na CD4 zake zilikuwa 87.

Nilikuwa najua kwamba virusi hivi huangamiza chembe za CD4, ambazo ndizo huziongoza chembe nyingine za kinga, kwamba mtu mzima mwenye afya huwa na kati ya 500 na 1,500 hivi katika kila mikrolita ya damu, na kwamba zikishuka chini ya 200 magonjwa nyemelezi hupata nafasi. Nililojifunza kwa daktari ni kwamba virusi hufika kwenye ubongo mapema, ndani ya wiki chache tu baada ya maambukizi, vikiwa vimebebwa na chembe za kinga zilizokwisha kuambukizwa. Humo haviziingii sana chembe za neva zenyewe, bali hukaa katika chembe zinazoulinda ubongo, nazo hizo hutoa kemikali za uvimbe ambazo ndizo huziumiza neva. Kwa hiyo kaka hakuwa mkaidi wala hakuwa na jini, alikuwa mgonjwa.

Mchangiaji, Kigamboni

Pole sana, dada. Kwa mdogo wangu haikuwa VVU yenyewe, ilikuwa fangasi anayeitwa kriptokoka, aliyeingia kwenye utando wa ubongo baada ya kinga kushuka. Kichwa kilimuuma wiki mbili tukimpa panado. Hospitali walipotaka kupima maji ya uti wa mgongo, mama alikataa kabisa, kwa kuwa mtaani wanasema ukitolewa maji hayo hutarudi tena nyumbani. Aliridhia siku ya tatu. Kumbe kuyatoa ni sehemu ya tiba pia, maana hupunguza presha ndani ya kichwa.

Jambo lililotutesa zaidi ni kuambiwa kwamba hataanzishiwa ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, mpaka zipite wiki nne hadi sita za dawa za fangasi. Tulidhani wamemkatia tamaa. Nesi mmoja alikaa na mama kwenye benchi akamweleza kwamba kinga ikiamka ghafla wakati fangasi bado ni wengi, uvimbe wa ubongo unaweza kumuua mgonjwa. Wenye CD4 chini ya 200 waulizie kipimo cha damu cha fangasi huyu, kwani huonekana hata kabla kichwa hakijaanza kuuma.

Muuguzi wa CTC (kliniki ya huduma na tiba ya VVU), Ilala

Naongeza moja. Wapo wateja wetu ambao virusi vimefubaa kabisa na bado wanasahau kidogo kidogo. Msinyamaze mkidhani dawa zimeshindwa, wala msiziache. Semeni kliniki, kwa sababu sonona, pombe, kisukari na shinikizo la damu navyo huchangia, na vinatibika au kudhibitiwa.

Mtoa mada, Temeke

Asante, muuguzi. Kaka anameza dawa saa tatu usiku kwa kengele ya simu. Miguu ilipata nguvu baada ya miezi minane. Hesabu zimerudi kwa kiasi: doti mbili anazipiga kichwani, zikizidi anaandika kwenye boksi, nami Jumamosi hukaa naye dukani kushika chenji. Ndugu wa Kigamboni, mdogo wako alirudi na kumbukumbu zake?

Mchangiaji, Kigamboni

Kumbukumbu zilirudi zote, namshukuru Mungu. Macho ndiyo hayakurudi sawasawa, kwa kuwa presha ile ilikuwa imekwisha kuziumiza neva zake. Tukipanda pantoni hunishika mkono, nami humsomea mabango.