Wakala kanilipisha klasi 4 za alama ya biashara, na klasi ya 34 haimo!!

Wandugu wa Lubumbashi, naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe kwa lugha.

Mimi nauza vitu vya wavutaji: shisha na mipira yake, tumbaku ya shisha, karatasi za kusokotea, viberiti vya gesi, visahani vya majivu. Mzigo unapita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, nikifika nao hapa nabandika jina langu kwenye boksi. Jina limeanza kutafutwa na wateja wa komini za Kenya na Kamalondo hapa mjini, nikaona bora nilisajili kabla mtu hajaniwahi. Nikaenda kwa wakala mmoja wa kusajili alama, yuko katikati ya mji. Jina lake silitaji, mwenyewe anajijua. Akapiga hesabu kwa kila klasi, yaani kila kundi la bidhaa ambalo jina linalindwa, nikalipa klasi nne, dola taslimu.

Sasa nimepata kopi ya dosie, yaani faili la ombi langu. Someni wenyewe. Viberiti vya gesi kaviweka klasi ya 4, eti ni mambo ya moto na mafuta. Visahani vya majivu klasi ya 21, pamoja na sufuria. Shisha klasi ya 11, kwa sababu "inapasha joto". Karatasi za kusokotea klasi ya 16, pamoja na daftari za wanafunzi! Yaani jina langu limelindwa kwenye mishumaa, masufuria, majiko na daftari, vitu ambavyo siuzi hata kimoja, na alama ikisajiliwa kwetu inadumu miaka 10.

Klasi hizi zinatoka kwenye Mapatano ya Nice ya 1957. Ziko 45: kuanzia 1 mpaka 34 ni bidhaa, zinazobaki ni huduma. Ya 34 ni tumbaku na vitu vya wavutaji, na ndiyo ya mwisho kabisa kwenye bidhaa, hata mvivu angeiona. Humo ndani kuna shisha, viberiti vya wavutaji, njiti za kiberiti, karatasi za sigara, sigara za umeme, hata majani ya kuvuta yasiyo tumbaku. Kisahani cha majivu kiwe cha kioo, cha bati au cha fedha, kinabaki 34, isipokuwa kile cha ndani ya gari, hicho kiko 12. Vinavyotoka nje ni vichache: betri na chaja za sigara za umeme ziko 9, gesi ya kujazia kiberiti iko 4, sigara zisizo na tumbaku za matibabu ziko 5. Basi. Vitu vyangu vyote vilikuwa vya klasi MOJA.

Na tumbaku yenyewe? Kaiacha. Nilipomuuliza akasema: "Papa, tumbaku inaharibu afya, serikali haiwezi kuisajili." Uongo! Mkataba wa Paris wa kulinda mali ya viwanda, ambao nchi yetu imo tangu 1975, kifungu cha 7 kinasema aina ya bidhaa haiwezi kuwa kizuizi cha kusajili alama. Kuuza tumbaku kuna sheria zake, kusajili jina ni jambo lingine. Halafu huyo huyo mwenye huruma na mapafu ya watu ndiye aliyenishauri niongeze "Light" kwenye jina ili livutie! Mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku, kifungu cha 11, unalitaja neno hilo hilo kati ya maneno yanayoweza kumdanganya mvutaji, na Kongo ilishauridhia.

Utetezi wake: "Mbona dosie ilipokelewa bila shida?" Ilipokelewa, ndiyo. Chini ya sheria yetu ya mali ya viwanda, namba 82-001 ya 1982, ofisi ya usajili inachunguza utaratibu tu: karatasi zimetimia, malipo yapo, mchoro wa alama upo. Hakuna atakayekupigia simu toka Kinshasa kukuuliza kwa nini shisha yako imekaa na majiko. Kazi hiyo ya kufikiri ndiyo tunayomlipa wakala, ama namna gani?

Tena bidhaa hazihamishwi tu toka klasi hii kwenda ile, inabidi kuweka ombi jipya, na tarehe yako inaanza upya. Wakati huo kuna jamaa kashaleta viberiti vyenye jina linalofanana na langu, herufi moja tu tofauti. Akiwahi klasi ya 34, mimi ndiye nitaonekana mwizi.

Naye wakala anataka nilipe tena, klasi ya tano. Silipi. Ombi la 34 litoke mfukoni mwake, na risiti zangu zote ninazo. Kuna mtu hapa aliyewahi kumrudishisha wakala pesa? Ulianza na barua, ama ulienda moja kwa moja kwa avoka (wakili)?