Mzee aliwekewa stenti, kwani inaweza ziba tena?

Kijana_Umoja: Wadau habari. Mzee wangu ana 63, miezi saba imepita tangu ashikwe na kifua usiku tukamkimbiza hosi, wakasema ni hati ataki, mshipa umeziba kabisa, wakaufungua na puto wakaacha stenti ndani, kale kabomba ka wavu ka kushikilia mshipa usijifunge. Sahii anapanda ngazi hadi orofa ya nne bila kupumzika, kitambo alikuwa anasimama ya pili akijifanya anatafuta simu mfukoni 😅 Shida ni juzi nikitafuta majani ya chai nikapata tembe zake kwa mkebe, za wiki mbili hivi, ati amepona hawezi maliza pesa kwa kemisti. Hiyo kitu inaweza ziba tena? Na hubadilishwa baada ya miaka mingapi?

Nesi_wa_zamu: Piga simu kliniki yake leo, usingoje tarehe. Baada ya hati ataki, klopidogreli (dawa ya kuzuia damu kuganda) ama dawa kama hiyo humezwa pamoja na aspirini kwa kawaida mwaka mzima, halafu aspirini inaendelea. Stenti ni chuma, ukiacha dawa mapema damu inaweza ganda hapo ghafla, na hiyo ni hati ataki ingine kabisa. Kubadilishwa hakuna, atazeeka nayo.

BabaShiru: Yangu ni mwaka wa tisa na iko sawa. Lakini nilirudi tena mwaka wa tano, mshipa MWINGINE, juu sigara sikuacha. Fundi akizibua paipu ya jikoni, ile ya bafu haijaguswa, ama?

Msomaji_tu: Enzi za puto tupu karibu thuluthi ya mishipa ilikuwa inasinyaa tena ndani ya miezi sita, stenti za sikuhizi zenye dawa ni chini ya mmoja kwa kumi. Mtu wa kwanza kufanyiwa hiyo ya puto, Zurich 1977, miaka kumi baadaye mshipa wake ulikuwa bado wazi. Ila tusichanganye maneno, kwa hati ataki kuzibua kunaokoa maisha, lakini kwa yule wa kuumwa kifua akitembea tu, utafiti wa ISCHEMIA wa 2020, watu zaidi ya 5,000, ulionyesha stenti inapunguza maumivu lakini vifo havikupungua kuliko wa tembe pekee. Kwa hivyo hizo za kolestro na presha pia angalia kama ziko kwa mkebe.

Kijana_Umoja: Zilikuwa huko zote. Kliniki wamesema nimlete leo leo, tuko kwa mat, amenuna anauliza nani alinituma kwa majani yake.