Mrejesho: London hadi Paris kwa nauli ya chini kabisa

Habarini wakuu. Mwezi uliopita niliuliza njia nafuu ya kutoka London kwenda Paris kumwona shangazi yangu aliyelazwa. Nimeshaenda na kurudi salama, asanteni mno.

Nilichukua basi la usiku kutoka Victoria, kituo cha mabasi cha London, pauni 24. Treni inayopita chini ya bahari siku hiyo ilikuwa pauni 128. Ndege ilionekana pauni 39, ila ukiongeza begi na nauli za viwanja vya ndege mbali na mji, nafuu yote inayeyuka. Aliyenishauri nikate tiketi wiki tatu kabla, Mungu akubariki, maana jirani yangu kwenye basi alikata juzi yake akalipa 61.

Dover, bandari ya kupandia feri, mnashuka wote na pasi mkononi. Polisi wa Ufaransa wanakagua pasi hapohapo upande wa Uingereza, kwa hiyo wenye pasi zetu msisahau viza ya Schengen, ile ya kuingia Ufaransa na nchi nyingine nyingi za Ulaya. Kwenye feri hamruhusiwi kubaki ndani ya basi. Shika namba ya sitaha mliyoegesha! Mama mmoja alipotea na mtoto mgongoni, tukamtafuta ngazi hadi ngazi huku injini za malori zikiwashwa. Alipatikana, dereva akamsubiri.

Tulifika kituo cha mabasi cha Bercy, Paris, alfajiri. Kutoka hapo nilipanda metro namba 14, na saa ya kuona wagonjwa ilipofika nilikuwa nimeshika mkono wa shangazi.