Paini ipi inafaa Mtwara, patula au karibea? Naombeni ushauri

Mwana_Mikindani: Wakuu, nina ekari 5, nataka kupanda paini za mbao. Wengine wananiambia patula, wengine karibea. Ipi inawahi kukua? Usingizi sipati.

Fundi Randa: Anza na soko, mkuu. Niliwahi kuchonga milango minne kwa paini isiyokauka vizuri. Yote ilipinda, na mwenye nyumba hadi leo salamu yangu haitikii.

Bibi Shamba: Shamba liko wapi, mwanangu? Patula asili yake milima ya Meksiko, ndiyo inayostawi kwenye baridi ya Mufindi. Karibea ni ya Amerika ya Kati na visiwa vya Karibiani, joto inalivumilia. Hata Rondo, Lindi, ilipandwa.

Mwana_Mikindani: Njia ya Naliendele.

Bibi Shamba: Basi patula achana nayo.

Mwana_Mikindani: Nimeshalipia nusu, miche 2,200 ya patula. Muuzaji kasema inakubali popote. Mvua ikinyesha, mti gani hauoti?

Mama Chikundi: Hapo shambani palikuwa na nini?

Mwana_Mikindani: Mikorosho ya marehemu baba. Imezeeka, haizai. Nimeanza kuikata.

Mama Chikundi: Urithi huo! Mama yako anajua? Mikorosho ndiyo iliyonisomesha mimi na wadogo zangu watano. Mwombe radhi mzazi kwanza, paini baadaye.

Kinyonga: Uzi wa kutunga huu. Huyu dalali wa miche, kesho mtaona anaweka namba ya simu.

Mwana_Mikindani: Wallahi sijatunga. Tawi alilonipa muuzaji ninalo hapa barazani. Sindano zimetoka tatu tatu, nyembamba, zimelegea zinaning'inia kama nywele zilizolowa.

Bibi Shamba: Patula hiyo, hajadanganya. Sindano za karibea ni ngumu zaidi na kijani chake kimekoza. Ila hata karibea huku pwani mara nyingine hurefuka juu bila matawi, kama mkia, upepo ukaivunja. Weka panga chini, mwanangu. Nenda kituo cha utafiti hapo Naliendele. Mkorosho mzee hukatwa, ukichipua unabebeshwa vikonyo, yaani vijitawi vya mkorosho wa mbegu bora, ukazaa upya. Umekata mingapi?

Mwana_Mikindani: Kumi na mmoja. Mama hajui.

Bibi Shamba: Umeacha visiki vya urefu gani?

Mwana_Mikindani: Usawa wa goti. Utomvu bado unatoka.